Meza ya wadau wote: inapunguza umaskini au inazaa vikao?

Mleta mada

Wakuu, nimekaa kwenye vikao hivi vya "wadau" miaka mingi kiasi cha kujua kiti kipi kina mguu mbovu. Wapo watu wa serikali ya mtaa, mashirika yasiyo ya kiserikali, viongozi wa dini, mtu wa benki, mfanyabiashara mmoja au wawili, mganga mkuu, mwalimu. Hoja ya kukaa pamoja naielewa na siipingi. Umaskini haukai kwenye idara moja. Mtoto anaacha shule kwa kuwa mama anaumwa, mama anaumwa kwa kuwa nyumba inavuja, nyumba inavuja kwa kuwa kibarua kimekatika. Mtu huyo akizunguka na shida zake, kila ofisi inamwelekeza ofisi ya jirani.

Ninalouliza mimi ni hili: pale mezani, nani ana uwezo wa kusema hapana?

Kuna kikao kimoja tulimwalika mama anayeishi kwenye eneo ambalo mpango wetu ulililenga. Karatasi ya mahudhurio ilipomfikia aliandika jina lake bila shida. Kwenye safu za "taasisi" na "cheo" akasita na kalamu mkononi, akachungulia alichoandika aliyemtangulia, mwisho akachora vistari viwili. Akapewa dakika 5 za "kutoa ushuhuda". Alizungumza vizuri kuliko sisi wote, makofi yakapigwa, mwenyekiti akamshukuru, akaondoka kabla ajenda ya bajeti haijafunguliwa. Hakuna aliyemfukuza, ni ratiba tu ndiyo iliyomtoa.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani, aliandika juu ya "ngazi ya ushiriki" yenye vipawa 8, yaani vidato vya kupandia. Chini kabisa wananchi wanachezewa tu, juu kabisa wanashika usukani wenyewe. Katikati ndipo anapoweka kupewa taarifa na kuombwa maoni, na anasema wazi kwamba hapo bado ni ushiriki wa jina. Mama wetu wa vistari viwili alikuwa kipawa cha katikati, na nakala ya muhtasari hakupata.

Alichokiona Arnstein hakikutoka hewani. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitangaza vita dhidi ya umaskini, na sheria iliyotungwa mwaka huo ikataka wakazi wa maeneo maskini washirikishwe kwa kiwango cha juu kinachowezekana. Wakashiriki kweli: wakaanza kubishana na mameya juu ya fedha. Mameya wakaja juu, na mwaka 1967 sheria ikarekebishwa, serikali za mitaa zikapewa uwezo wa kuamua nani aendeshe programu hizo. Kwa hiyo ushiriki ulivumiliwa mpaka ulipogusa mfuko.

Msimamo wangu: kama watu maskini wenyewe hawana walau theluthi ya kura kwenye bajeti, tusiite ushirikiano. Tuite kikao.

Kikokotoo

Mkuu, umeandika kwa hisia, lakini maskini hali kura. Nioneshe kaya zilizotoka kwenye umaskini.

BRAC, shirika lisilo la kiserikali la Bangladesh, ilianza mwaka 2002 mpango wa kaya fukara kabisa. Familia inapewa mali ya kuzalisha, mara nyingi mifugo, fedha kidogo ya kujikimu isije ikaiuza mali yenyewe, mafunzo, akiba, huduma ya afya, na mtu wa kuitembelea mara kwa mara kwa takribani miaka 2. Mpango wa aina hiyo ukapimwa Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistani na Peru, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kwa jumla kaya zilikula vizuri zaidi na mali yao iliongezeka, hata mwaka mmoja baada ya msaada kusimama. Huo ndio ushirikiano wa sekta: fedha, mifugo, afya, akiba, vyote kwenye mlango mmoja. Hakuna aliyepiga kura, wataalamu walipanga na ikafanya kazi.

Nungunungu

Kikokotoo, mbona Honduras umeipita mbio? Huko walengwa wengi walipewa kuku, na kuku wengi wakafa kwa ugonjwa. Wahenga walishasema: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Yeyote aliyewahi kufuga kuku angewauliza swali la chanjo siku ya kwanza. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kikokotoo

Hapo walipaswa kumwita daktari wa mifugo, si kupiga kura. Unanithibitishia hoja yangu.

Daftari

Nimefanya kazi ya ukatibu kwenye muungano wa namna hii, naomba niseme la upande wangu. Nyote mnabishana nani akae mezani. Mimi nauliza kikao kikiisha, Jumatatu asubuhi nani anapiga simu?

Mwaka 2011 John Kania na Mark Kramer, washauri wa mashirika huko Marekani, waliandika kwamba ushirikiano wa aina hii unahitaji mambo 5: ajenda moja, vipimo vya pamoja, kazi zinazotegemeana, mawasiliano yasiyokatika, na chombo chenye watumishi wake cha kushikilia yote. Walipingwa, na baadhi ya wapinzani walitoa hoja hiyohiyo ya mleta mada, kwamba wenye shida wenyewe hawakupewa nafasi. Sawa. Lakini hilo la tano mimi nimeliona kwa macho. Bila mtu anayelipwa kufuatilia, kila mmoja anarudi kwenye kazi ya mwajiri wake na maazimio yanalala kwenye faili hadi kikao kijacho, ambapo tunayasoma upya kama "yatokanayo".

Mfano ninaoupenda ni jimbo la Kerala, India. Kudumbashree, mtandao wa vikundi vya wanawake majirani, ulianzishwa mwaka 1998 na umefungamanishwa na serikali za mitaa. Mwaka 2021 jimbo lilianza kusaka kaya zenye umaskini uliokithiri, zikapatikana 64,006, na kila moja ikatengenezewa mpango wake. Baadhi yao kikwazo cha kwanza kilikuwa karatasi: hawana kitambulisho, hawana kadi ya mgao, kwa hiyo kwenye macho ya serikali hawapo. Hakuna semina inayotibu hilo. Linahitaji mtu wa idara ile na jirani anayeijua nyumba ile wakae siku moja na fomu moja. Novemba 2025 jimbo likatangaza kwamba umaskini huo umekwisha.

Mleta mada

Daftari, hapo umenipata, nilikuwa nimeisahau Jumatatu asubuhi. Ila malizia habari yenyewe: baada ya tangazo la Kerala wapo wachumi waliohoji vigezo, nani kahesabiwa na nani kaachwa. Ukiwa nje ya orodha hata mpango mzuri haukuoni, na anayeandika orodha ana madaraka kuliko anayeandika mpango.

Nungunungu

Mimi naogopa kitu kingine. Mkishampa huyo mama kura, baada ya miaka 3 atakuwa "mwakilishi wa maskini" wa kudumu, ana beji, ana ratiba ya safari, na mtaani haonekani.

Mleta mada

Inatokea, nimewaona. Weka muhula mfupi, mchague mwingine. Lakini angalieni tunavyomtazama: mtu wa benki akikaa miaka 10 tunamwita mzoefu. Na siku ile sote tuliokuwa ukumbini tulikuwa kazini, mshahara unahesabika. Yeye peke yake ndiye aliyeacha kibarua cha siku kuja kutusikiliza. Kwanza alipwe siku yake kama sisi tunavyolipwa, halafu ndiyo tujadili kama anazidi kuzoea kiti.

Kikokotoo

Alipwe, sina ubishi. Ila siku akipiga kura kuukataa mpango ambao vipimo vinaonesha unafanya kazi, utamfuata yeye au vipimo? Hilo bado hujanijibu.