Naomba ushauri: nyanya zinajikunja majani, kikundi hakitumii dawa za kiwandani, niwafundishe nini?

Mlezi_Ganda: Salaam aleikum wanajamvi. Nina kikundi cha wakulima wa mboga hapa Ganda, Malindi, wanaolima kwa njia ya asili. Nyanya zinakunja majani kuelekea juu, kingo zinakuwa njano, mche unadumaa na maua yanapukutika. Tikiti nazo zina mabaka. Wengine wanalaumu jua, wengine wanaongeza samadi. Shamba darasa laanza karibuni. Nianzie wapi, na ni dawa gani ya asili niwape?

BintiSabaki: Waaleikum salaam. Waambie siku ya kwanza kabisa: mmea ukishaingiwa na virusi hauponi, kwa dawa yoyote ile. Samadi haitausaidia. Kisha wapeleke shambani wakajifunze kutofautisha. Jani lililokunjwa na jua huanzia chini ya mche, hubaki kijani na kuwa gumu. La virusi huanzia kwenye kichomozo cha juu, hutoka dogo, limeinama kama kijiko, njano pembeni. Kila mmoja ageuze jani alfajiri, wadudu wakiwa bado wazito, awaone kwa macho yake inzi weupe, ndio wanaoeneza virusi hivyo. Asiyemwona mdudu hataamini somo lenyewe.

Shamba_Mpeketoni: Nguvu zote ziende kwenye kitalu. Mche ulioambukizwa ukiwa mdogo hauzai kitu cha maana. Funika kitalu kwa neti ya matundu 50 kwa inchi, tangu siku ya kupanda mbegu hadi kuhamisha, na kingo uzifukie kwa udongo. Neti ya mbu haifai, matundu yake ni makubwa, inzi weupe wanapita. Kosa lingine ni kuacha neti wazi wakati wa kumwagilia. Na msome pakiti za mbegu: zenye maandishi TYLCV (kifupi cha Kiingereza cha virusi hivi vya kukunja majani) zinastahimili ugonjwa huu. Chukueni zisizopakwa dawa.

Mlezi_Ganda: Shukrani. Na mwarobaini je?

BintiSabaki: Unasaidia kwa inzi weupe. Twanga mbegu kavu, gramu 50 kwa lita ya maji (kilo moja kwa pampu ya lita 20), loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya maji kidogo. Nyunyiza jioni, maana jua huiharibu haraka, na lenga chini ya majani. Rudia kila siku 5 hadi 7. Huwadhoofisha zaidi watoto wa inzi kuliko wakubwa, kwa hiyo usiwaahidi makubwa.

Kwenye tikiti mambo ni mengine. Inzi mweupe huhitaji kunyonya kwa dakika kadhaa ndipo achukue virusi vya nyanya, lakini kidukari hupokea na kupitisha virusi vya mabaka kwa sekunde tu. Ukimnyunyizia, keshaambukiza kabla hajafa. Hapo panda mistari mitatu ya mahindi kuzunguka shamba, wiki tatu kabla ya tikiti, ili vidukari vitue huko na kupangusa midomo kwanza, virusi vibaki kwenye mahindi. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari.

Mzee_Magarini: Miche iliyougua ing'olewe yote. Ifunike kwa mfuko kwanza, ndipo uing'oe, la sivyo inzi wataruka kwenye jirani. Fukia, usitupe pembezoni.

Shamba_Mpeketoni: Yote, mzee? Wiki za mwanzo ndiyo, hata kila siku mbili. Lakini uliougua baada ya matunda kufunga bado unatoa mavuno.

Mzee_Magarini: Unatoa, lakini unalisha inzi wa shamba jipya la jirani. Ndiyo shida ya kulima nyanya mfululizo kandokando ya mto Sabaki: zao la zamani halijaisha, jipya limeshapandwa. Kikundi kikubaliane angalau mwezi mmoja bila nyanya kabisa, mabaki yote yameondolewa. Mkulima mmoja peke yake hawezi hilo, ndiyo maana ya kikundi.

Mlezi_Ganda: Na kama jirani hataki?

Mzee_Magarini: Basi msiweke kitalu upande wa chini wa upepo wake. Majira ya kusi upepo unatoka kusini, kitalu kikae kusini mwa shamba lake. Ukigeuka kaskazi, mhamishe.