Eti "tangazo la biashara"! Nani anamtangazia marehemu biashara?

Kalamu_ya_Mkaa (mleta mada)

Wadau, nina hasira mpaka kibodi inatoa moshi. Yule bwana wa kamusi elezo ya mtandaoni, Wikipedia ya Kiswahili, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule anayeatamia makala kama kuku wa mayai ya wenzake, amefuta kazi nzima kwa maneno matatu: "Tangazo la biashara".

Makala yenyewe ni ya Nakumatt, ile supamaketi ya Kenya. NAKUMATT, jamani! Mahakama iliiweka chini ya msimamizi Januari 2018. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Matawi sita ya mwisho yakaenda kwa supamaketi nyingine, Naivas, kwa shilingi milioni 422 za Kenya. Rafu zimeng'olewa, yule tembo wa nembo ameshushwa kwenye mabango, halafu mtu mzima anaandika "tangazo la biashara". Namtangazia nani? Wateja wakanunue sukari wapi, kaburini?

Dakika nne. Ndiyo muda aliotumia. Marejeo yalikuwa 17, yaani hata kuyafungua tu mtandao wa 5G usingemtosha. Ameona kijani kingi kwenye Historia (ile orodha ya mabadiliko, kijani ni maandishi yaliyoongezwa), akabonyeza Tengua, yote yakafutika, akarudi kwenye chai yake.

Na mjue amerudisha nini. Toleo lililopo sasa hivi, nanukuu: "Nakumatt ni mnyororo wa mboga nchini Kenya." Mnyororo! Wa mboga! Mchicha umefungwa pingu! Inaendelea: "Ilikuwa mpangaji nanga wa Westgate." Alitaka kusema mpangaji mkuu wa jengo la maduka la Westgate. Sasa meli imetia nanga Westlands, Nairobi, wavuvi wa Lamu hawana habari. Halafu: "Mwaka 2018 iliingia katika utawala." Maana yake iliwekewa msimamizi, lakini msomaji wa Sumbawanga ataelewa Nakumatt ilichukua nchi. Na kilele chake: "wadeni walipiga kura". Wadeni ndio wanaodaiwa, ndugu yangu. Wadeni wangepewa kura wangepiga deni lifutwe na pilau ipikwe. Waliopiga kura ni WADAI.

Hilo ndilo toleo safi. La kwangu lenye "ilikuwa" badala ya "ni" ndilo tangazo la biashara. Tangazo! La biashara!

---

NgojaWajuziWaje

Natia kambi hapa. Mwenye karanga asogee.

---

Mama Tanbihi

Mleta mada pole, lakini nimefungua Historia na mimi. Umemwaga baiti elfu kumi na nne kwa mkupuo mmoja na kisanduku cha muhtasari, pale unapoeleza ulichobadilisha, umekiacha kitupu. Anayefanya doria haoni nia yako, anaona namba kubwa ya kijani kutoka kwa mtu asiyejieleza. Tengua ni kubonyeza mara moja, kukagua ni saa nzima. Unadhani atachagua lipi?

Kazi kama hiyo hukatwa vipande sita au saba. Kwanza wakati wa vitenzi peke yake, muhtasari "kampuni imefilisiwa, rejeo na. 3". Halafu maneno ya kisheria. Halafu matawi. Halafu marejeo. Kipande kimoja kikipingwa, vingine vinabaki vimesimama. Ukileta gunia zima, likitoboka linamwagika lote.

Na usimtengue naye. Nenda ukurasa wa Majadiliano ya makala, siyo ukurasa wake binafsi, weka viungo vya matoleo yote mawili, tia saini kwa vile viwimbi vinne (~~~~), subiri siku kadhaa. Asipojibu, wakabidhi wapo, wale wasimamizi wa kamusi elezo.

Jambo jingine. Nimesoma sehemu yako ya Historia ya Kampuni. Aya ya pili: "ilisifika kwa huduma bora na bei nafuu kwa familia nzima". Rejeo lake: taarifa ya kampuni yenyewe kwa vyombo vya habari. Nikae kimya au niendelee?

---

Kitasa

Nimecheka kama mazuri. "Bei nafuu kwa familia nzima" halafu analia kaitwa tangazo 😂😂

---

Kalamu_ya_Mkaa

Sentensi MOJA mama! Moja kati ya themanini! Kunguni mmoja unachoma nyumba? Angeondoa hiyo moja akaniachia wadai wangu. Na huduma bora ya mwaka 2012 inamtangazia nani leo? Tangazo la biashara kwa duka ambalo hata mlinzi wake ameshahamia kampuni nyingine!

---

Buda wa Rongai

Na kaulimbiu uliweka kwa herufi nzito, tumeiona. Hapo chini ya tembo. Ungemalizia na namba ya simu ya oda.

---

Shangazi_Kariakoo

Nyie mnalia na Nakumatt, mimi nalia na Uchumi. Ile supamaketi ya tangu 1975. Kila makala ya maduka ya Kenya mtu anaandika Uchumi, anaitia mabano mraba iwe kiungo, anahifadhi, anajiona shujaa. Bonyeza uone. Unaangukia makala ya uchumi wenyewe, ugavi na mahitaji! Mtu alitaka kujua matawi ya Tanzania yalifungwa lini (ni Oktoba 2015, pamoja na ya Uganda) anakutana na mfumuko wa bei.

Kiungo kiandikwe jina kamili la makala ya kampuni, kisha mstari wa wima, kisha neno litakaloonekana. Hivi: [[Uchumi Supermarkets|Uchumi]]. Na juu ya makala zote mbili kuwe na kigezo cha maana, yaani kisanduku cha maelezo kinachomwelekeza aliyepotea. Ukimaliza fungua "Viungo viungavyo ukurasa huu" upitie kimoja kimoja, maana makosa ya zamani hayajirekebishi.

---

Kitasa

Shangazi subiri, kuna iliyozidi hiyo. Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, ilisajiliwa kama Tusker Mattresses. Kuna mtu kaweka kiungo kwenye Tusker. Ukibonyeza unakwenda kwenye bia.

---

Buda wa Rongai

Hiyo si kosa, hiyo ni huduma kwa wateja.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Naona tunasahau mada. TANGAZO LA BIASHARA. Kwa maiti.

---

Mbegu_Milele

Mada unaijua wewe? Mnyororo wa mboga (ni "grocery chain" ya Kiingereza) chanzo chake kinajulikana. Ni mashindano ya kuandika makala, mtu anatupia maandishi kwenye programu ya kutafsiri, anachapisha makala thelathini usiku mmoja apate vocha. Chini anabandika kigezo cha mbegu, "Makala hii bado ni mbegu", yaani fupi, haijakamilika, basi, kasamehewa. Mbegu hazioti! Kuna mbegu zimekaa humo mpaka zimepata wajukuu.

Dalili zake wala hazifichiki. Kampuni "inafunga milango yake". Kampuni "inaingia utawalani". Mfilisi, msimamizi na mrasimu (anayeshika mali ya kampuni kwa ajili ya wadai) wote wanaitwa "mtawala". Watu wanachanganya kufilisika na kufilisiwa wakati hata mtoto anaona tofauti: kufilisika ni hali, umeishiwa. Kufilisiwa unafanyiwa, mali inauzwa wadai walipwe. Nakumatt ilifilisika kwanza, ikawekewa msimamizi ajaribu kuiokoa, ikashindikana, ndipo ikafilisiwa. Ni hatua tatu na kila moja ina tarehe yake. Ukiandika "ilifilisika 2020" umefuta miaka miwili ya watu kudai mishahara.

---

Mama Tanbihi

Hapo umesema. Na matawi nayo ni vivyo hivyo. Usiandike "ina matawi 60" bila tarehe. Andika "kufikia mwezi fulani mwaka fulani" na rejeo. Idadi ya matawi ya supamaketi inakufa haraka kuliko mchicha. Orodha ya matawi yote na ghorofa zake usiweke kabisa, kamusi elezo siyo kitabu cha simu. Weka yenye habari: Kigali 2008 kwa sababu ndiyo mara ya kwanza kuvuka mpaka, Moshi 2011, halafu 2014 ilipochukua maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam na Arusha. Moto wa tawi la mjini Nairobi wa Januari 2009 na shambulio la Westgate la 21 Septemba 2013, sentensi mbili mbili kila kimoja na kiungo kwenye makala yake. Mtu asinakili shambulio zima ndani ya makala ya duka.

Na jina litokane na Nakuru na magodoro (mattresses), kama ilivyo. Duka la magodoro kuanzishwa ni tukio moja, kampuni kusajiliwa ni jingine. Watu wanagombania mwaka mmoja wa kuzaliwa kwa kampuni wakati wanazungumzia watoto wawili.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Hayo YOTE niliyaweka mama. Yote. Kasoro yale ya watoto wawili.

---

TembowaGodoro

Kwenye sanduku la habari, lile la pembeni mwa makala, pia utashangaa. Unabadilisha maandishi, unahifadhi, sanduku bado linaonyesha kampuni iko hai. Hiyo ni kwa sababu kigezo kinavuta data kutoka Wikidata, hifadhi ya data inayotumiwa na Wikipedia. Nenda kule, kwenye kipengele cha kampuni, ongeza P576, tarehe ya kuvunjwa, kisha rejeo. P571 ni ya kuanzishwa, usizichanganye, ukizigeuza kampuni inakufa kabla ya kuzaliwa. Ukirudi kwenye makala na bado inaonyesha ya zamani, safisha kashe ya ukurasa, ile nakala ya zamani iliyohifadhiwa.

Rejeo nalo lina kisirani. Ukiandika tarehe "22 Januari 2018" ndani ya kigezo cha rejeo na moduli (programu inayokisoma) haijafundishwa miezi ya Kiswahili, inatema maandishi mekundu ya kosa chini ya ukurasa mzima. Andika 2018-01-22, inapita. Habari za magazeti yetu zihifadhi siku hiyohiyo kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa, bandika na kiungo cha nakala. Magazeti yakibadilisha tovuti, viungo vyote vinakufa pamoja, na anayefuata anafuta sentensi yako eti haina chanzo.

---

Kitasa

Nembo je? Ile ya tembo ilifutwa kwenye hifadhi ya picha ya Wikipedia mara ngapi?

---

TembowaGodoro

Itafutwa kila ikipandishwa. Nembo yenye mchoro ina hakimiliki, hata kampuni ikifa haki haizikwi nayo, ni mali kama mali nyingine. Zile za herufi tupu zinapona wakati mwingine. Tafuta picha ya jengo uliyopiga mwenyewe, bango lionekane kwa mbali, lisiwe ndilo picha. Wasiwasi wangu ni kwamba majengo yenyewe sasa yana mabango ya watu wengine.

---

Shangazi_Kariakoo

Mkimaliza hapo mnisaidie na yule anayerudisha kila wiki kwamba supamaketi ya Carrefour ya Nairobi ni kampuni ya Ufaransa. Jina ndilo la Ufaransa. Wanaoliendesha Kenya tangu 2016 ni Majid Al Futtaim wa Dubai, wana kibali cha kulitumia. Mmiliki wa jina sanduku moja, mwendeshaji sanduku jingine. Nimechoka.

---

Buda wa Rongai

Shangazi huyo ni yuleyule. Yule yule wa mleta mada. Angalia saa zake, hata Sikukuu yupo.

---

Shangazi_Kariakoo

Wee! Basi na mimi nina hasira sasa.

---

Mzee_wa_Kamusi

Nimesoma kuanzia juu na kinachonikera ni kingine kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini makala inasema "supamaketi". Neno ni duka kuu.

---

Mbegu_Milele

Duka kuu ni Kenya mzee wangu. Huku Bara ukisema duka kuu mtu anakuuliza kuu la nani. Supamaketi imeshakuwa Kiswahili, ina hadi wingi wake: supamaketi.

---

Buda wa Rongai

Kuna mwingine anaandika "duka la jumla". Jumla ni kule unanunua unga bela zima! Nakumatt uliona nani anabeba bela?

---

Mzee_wa_Kamusi

Duka la kujihudumia basi. Limefafanua lenyewe: unaingia, unachukua, unalipa mlangoni.

---

Kitasa

Na makala ianze "ilikuwa" au "lilikuwa"? Kampuni ilikuwa, duka lilikuwa. Hapo tu mtatenguana mpaka Idi.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Wadau, marehemu bado anaitwa "ni". Mtu amwendee basi kule Majadiliano, tuko wengi.

---

Mbegu_Milele

Mzee, kujihudumia ni hotelini, ile unajipakulia mwenyewe na sahani.

---

Mzee_wa_Kamusi

Ile ni bufee.

---

Shangazi_Kariakoo

Na bufee kwa Kiswahili ni nini?