Nyumba ya kwanza: Kiembeni, Utange au Mtwapa? Usiku kukoje?

Mpangaji_Tudor
Salamu kwenu nyote. Mimi na mke wangu tumechoka kulipa kodi hapa Mombasa. Sako, chama chetu cha akiba na mikopo, imekubali kutukopesha, na tumebaki na mambo matatu. Kuna nyumba iliyokwisha kujengwa Kiembeni, vyumba vitatu, bei inakaribia milioni saba. Kuna ploti ya futi hamsini kwa mia Utange, ambayo tutajenga pole pole. Na kuna nyumba ndogo Mtwapa, ndani ya mtaa wenye geti na askari. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake nyingine zaisha saa mbili usiku na hushuka stejini peke yake. Kwa hivyo bei si swali langu la kwanza. Naomba wanaokaa huko ndio wanijibu, si wa kusikia.

Mzee_wa_Bandari
Utange na Kiembeni zote ni Kisauni tu. Ukinunua Kisauni nunua na sanda kabisa, uiweke kabatini. Nenda Mtwapa.

Bint_Kisauni
Sanda utavishwa wewe popote ulipo, baba, haina mtaa. Mimi nimezaliwa Mwandoni, nimeolewa Bakarani, nshazaa nshalea hapo hapo. Watu wa ng'ambo mwadhani sisi twalala na mapanga chini ya mto. Na kwa taarifa yako, Nyali yote hiyo mnayoisifu ilikuwa jimbo la Kisauni mpaka uchaguzi wa 2013. Mbona hakuna aliyeambiwa anunue sanda Nyali? Mnachoogopa ni umaskini, usalama mnausingizia.

Mzee_wa_Bandari
Kwa hivyo lile genge la Wakali Kwanza lilikuwa timu ya mpira?

Bint_Kisauni
Sijasema hawakuwako. Nimesema Kisauni si nyumba moja yenye mlango mmoja. Wewe wakaa wapi, tukuhesabie na ya kwenu?

Mzee_wa_Bandari
Mikindani. Hesabu.

Bint_Kisauni
Mikindani! Subhanallah. Nyamaza basi.

Tuktuk_ya_Lights
Ndugu Mpangaji, mimi nabeba abiria kutoka steji ya Lights kila siku, nikwambie ninachokiona. Kiembeni kwa barabara kubwa naenda mpaka saa nne usiku bila wasiwasi, maduka yako wazi na watu wanatembea. Ukiniambia nikuingize Majaoni ndani ndani saa tatu, nitakwambia ongeza pesa au ushukie hapa. Si kwamba watu wa Majaoni ni wabaya. Ni giza na njia moja ya kuingilia.

Tazama kina mama wakishuka kwenye matatu. Kuna steji wakishuka kila mtu ashika njia yake anaongea na simu. Kuna steji wakishuka wanasimama pembeni, wanasubiriana mpaka wafike watano sita, simu zinaingia kifuani, pochi inazamishwa chini ya mchicha, ndipo wanaondoka pamoja. Ukiona hivyo, hata nyumba iwe na ukuta wa futi kumi, mkeo bado ana ule mwendo wa kutoka steji.

Dalali atakupeleka saa nne asubuhi jua likiwaka. Wewe nenda na mkeo saa ile ile anayotoka zamu, mshuke matatu, mtembee kwa miguu mpaka mlangoni.

Mpangaji_Tudor
Ahsante sana, hili ndilo jibu nililokuwa nalitafuta. Wengine?

Fundi_Geti
Nimetengeneza mageti na madirisha ya chuma kuanzia Bombolulu hadi Shanzu. Kosa la watu ni moja: mtu anatumia pesa yote kwenye vigae vya sebuleni, halafu ukuta anauacha futi tano. Jenga ukuta kwanza, tia seng'enge juu, taa ya nje iwe upande wa njia si upande wa sebule, na mlango wa jikoni uwe wa chuma maana huko ndiko wanakoingilia. Halafu fuga mbwa wawili. Mwizi haogopi askari aliyelala, anaogopa mbwa.

Abu_Twaha
Hapo kwenye mbwa umeharibu maneno mazuri yote. Hii ni Mombasa. Watu wanapita alfajiri kwenda kuswali na kanzu zao, mbwa anatoka getini anamgusa mtu kwa mdomo wake. Uoshe mara saba, moja kwa mchanga, na swala ya jamaa msikitini ishaanza. Mwenye mbwa amelala zake.

Fundi_Geti
Shekhe, nimesema wawe ndani ya ukuta. Ukuta nimeutaja kabla ya mbwa.

Abu_Twaha
Mbwa wa Mombasa hakai ndani ya ukuta. Hilo lajulikana.

Mwalimu_Mstaafu
Ami Abu Twaha, tusiwatishe watu kwa dini. Hadithi iliyokataza kufuga mbwa ndiyo hiyo hiyo iliyobagua mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba. Na wako wanazuoni wa Kishafii, madhehebu yetu sisi wa pwani, walioingiza na ulinzi wa nyumba humo humo kwa kulinganisha. Suala la kuosha ni pale panapokuwa na umajimaji. Mbwa mkavu akikugusa nguo kavu, huna la kuosha.

Abu_Twaha
Mwalimu wa hesabu amekuwa mufti sasa. Alhamdulillah.

Mwalimu_Mstaafu
Nilisomesha jiografia.

Wa_Bara_Changamwe
Mimi nilifuga mbwa wawili, jirani akawatilia sumu kwenye nyama. Wiki ileile nikaibiwa mtungi wa gesi na betri ya gari. Nimejifunza kwamba watu wa hapa wanamchukia mbwa kuliko mwizi.

Bint_Kisauni
"Watu wa hapa" ndio kina nani? Maliza sentensi.

Wa_Bara_Changamwe
Umenielewa.

Bint_Kisauni
Sijakuelewa. Umekuja, umenunua, umejenga, watoto wako wanasoma hapa, na bado wewe ni wewe na sisi ni "watu wa hapa". Ukuta wenyewe mwaujenga kama gereza, hata jirani akifiwa hamjui. Siku mwizi akiingia mwapiga mayowe mnataka nani atoke? Watu wa hapa?

Wa_Bara_Changamwe
Dada, tuliokuwa Likoni Agosti 1997 tunajua kwa nini mtu anajenga ukuta. Kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, na sisi tukafuatwa majumbani kwa kuulizwa kabila. Shangazi yangu alilala uwanja wa kanisa na mtoto mgongoni. Usiniambie habari ya mayowe.

Bint_Kisauni
Hayo yalitokea, na poleni, na asiyesema poleni hana utu. Lakini msako uliofuata, waliokokotwa ovyo na kupigwa walikuwa vijana wa Kidigo ambao wengine hata panga la kufyekea hawakuwa nalo. Hilo sijakusikia ukilitaja.

Wa_Bara_Changamwe
Sikulitaja kwa sababu swali lilikuwa mbwa.

Mpangaji_Tudor
Swali lilikuwa nyumba, jamani.

Mama_Mabata
Nyote mnagombania mbwa na hakuna aliyetaja bata bukini. Mimi ninao wanne, Utange. Mtu akikaribia geti usiku wanapiga kelele mtaa mzima unaamka. Hawana najisi wala hawalambi kanzu, na sikukuu unachinja mmoja. Mwizi wa kuku alikuja mara moja akakimbizwa, mmoja alimng'ang'ania suruali.

Abu_Twaha
Hapo sasa kuna akili.

Fundi_Geti
Na kinyesi chao?

Mama_Mabata
Kinyesi natia kwenye migomba. Wewe unaogopa kinyesi kuliko panga?

Mzee_wa_Bandari
Mama, wewe ambaye wakaa Utange, mwambie kijana ukweli. Umeme ukikatika usiku, mnatoka nje?

Mama_Mabata
Kwa nini nitoke? Usiku ni wa kulala. Lakini kusema kweli, njia ya kwetu ina taa moja ya mulika mwizi, na hiyo tangu izimike imebaki kukaliwa na kunguru. Tukachanga wenyewe, kila nyumba ikafunga balbu nje ya geti na kulipia tokeni zake. Waliokataa kuchanga ni wawili, na wote wawili ndio wenye kuta ndefu zaidi. Wanafaidi mwanga wetu na hawatusalimii.

Bint_Kisauni
Mmesikia?

Tuktuk_ya_Lights
Na hapo kuna jambo. Panapotengenezwa na watu wenyewe hata sisi madereva twaingia. Hii Nyumba Kumi, ya majirani kulindana, iliyoletwa 2013 kuna mtaa inafanya kazi na kuna mtaa ni jina. Kwetu mwenyekiti anawajua wezi wote kwa majina. Shida ni kwamba wawili ni wajukuu zake.

Hati_Kwanza
Nimesoma yote, mbwa na bata, na hakuna aliyemuuliza ndugu yetu habari ya ardhi. Mwizi wa panga atakuchukulia simu. Anayekuja mchana na karatasi atakuchukulia nyumba nzima. Kuna kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ilifika Mahakama ya Upeo, nadhani 2022. Kampuni ilinunua na hati mkononi, kaunti ikaja ikabomoa ukuta ikisema hiyo ni njia ya umma ya kwenda pwani. Mwenye hati akashindwa.

Wakili_Asiyelipwa
Hukumu ni ya Aprili 2023, na ukuta ulibomolewa 2017. Kilichowashtua wengi ni kwamba mgao wa kwanza ulikuwa wa 1989 na aliyegawiwa alikuwa Rais Moi mwenyewe. Mahakama ikasema kama mgao wa mwanzo haukufuata sheria, hati iliyotokana nao haimkingi mnunuzi hata kama yeye hakufanya ubaya wowote. Kwa hivyo kufanya sachi, yaani kuangalia rekodi kwenye ofisi ya ardhi, na kuona jina la muuzaji hakutoshi. Rudi nyuma, ujue ardhi ilitoka kwa nani na kwa njia gani. Kwenye ploti ya Utange hasa, uliza nani anakaa hapo sasa hivi na amekaa tangu lini. Nimeona mtu anauziwa ploti yenye minazi na makaburi ya familia nyingine.

Mzee_wa_Bandari
Wakili unataka kazi tu. Mtwapa hati ziko safi.

Wakili_Asiyelipwa
Nani kakwambia? Mtwapa ni kaunti ya Kilifi, migogoro ya ardhi huko ni mingi sawa na huku. Na jina langu lasema silipwi.

Bint_Kisauni
Na Mtwapa mnayoipigia debe kwa usalama ni ile yenye baa zinazokesha? Muuguzi ametoka zamu, amechoka, ashuke katikati ya muziki na walevi, halafu apande boda mpaka kwenye hilo geti. Kabla hajafika amekaa kwenye foleni ya barabara mpaka daraja la Mtwapa. Saa mbili anatoka kazini, saa nne bado yuko njiani. Huo ndio usalama?

Mzee_wa_Bandari
Barabara inapanuliwa.

Bint_Kisauni
Yapanuliwa tangu sijapata mvi.

Fundi_Geti
Mimi narudi kwa ndugu Mpangaji. Nyumba ya Kiembeni iliyokwisha kujengwa, umeangalia madirisha? Za kuuza nyingi wanaweka chuma chembamba, unaweza kukipinda kwa mkono. Nitumie picha.

Abu_Twaha
Fundi, mteja umepata. Hongera.

Wa_Bara_Changamwe
Mpangaji, mimi nitakwambia kwa roho safi, hata kama nimeteta na watu humu. Nilipoibiwa ile gesi, aliyenirudishia betri ni kijana wa jirani yule yule niliyekuwa namshuku sumu. Aliiona kwa mnunuzi wa vyuma chakavu akaitambua kwa rangi niliyoipaka. Mpaka leo sijui sumu aliitia nani. Sasa sijui hilo linakusaidia vipi katika kununua.

Mwalimu_Mstaafu
Linasaidia sana. Kwamba jirani anaijua betri yako.

Mpangaji_Tudor
Nashukuru nyote, hata wa bata. Mke wangu amesoma hapa jana usiku, akacheka, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu: hizo nyumba tatu, ni wapi kati yake tumeongea na mtu anayekaa mlango wa pili? Tumeongea na madalali tu. Ijumaa akitoka zamu tutashuka Kiembeni, kisha Jumamosi Utange. Mtwapa ameikataa kwa sababu ya njia. Bint_Kisauni, na huko kwenu Bakarani, hakuna nyumba inayouzwa karibu nawe?

Bint_Kisauni
Karibu sana, mwanangu. Ipo moja, ya mawe, nzuri, kina cha kisima kizuri na majirani ni sisi. Ila ni nyumba bila ardhi. Nyumba wauziwa, kiwanja chabaki cha mwenye shamba, na kila mwezi wampelekea kodi yake.

Wakili_Asiyelipwa
Yaani mtu aliyechoka kulipa kodi aende kukopa sako ili aanze kulipa kodi. Na siku mwenye shamba akiuza, mnunuzi mpya atamwambia abebe nyumba yake.

Bint_Kisauni
Sisi tumekaa hivyo tangu babu, na hatujabebeshwa.

Wakili_Asiyelipwa
Bado.

Bint_Kisauni
Usinitabirie mabaya, wewe. Mlango wangu waujua?

Abu_Twaha
Mpangaji, kabla hujalipa, muulize na mwenye shamba kama anaruhusu mbwa.