Nyumba ya Livingstone tuibadilishe jina au iachwe?

Wadau asalaam alaykum. Jana nimempitisha mgeni wangu wa Bara barabara ya Malawi pale Unguja mjini, akauliza nyumba hii ya nani, nkamwambia ya Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti, akasema ahaa kumbe alijenga mzungu. Nimekosa la kumjibu maana ile kajenga Sultan Majid bin Said miaka ya 1860 hivi, Livingstone kaja Januari 1866, akapewa akae, Machi keshaondoka kwenda Ruvuma, hata miezi miwili haijatimia. Mgeni wa siku mbili ndo nyumba ibebe jina lake mpaka leo? Mie nasema iitwe ya Majid.

— Kaka tulia. Huyo Majid unayemtaka, forodha yake ilikuwa inakula ushuru wa watumwa kila kichwa. Livingstone angalau aliipiga vita biashara ile. Soko la Unguja limefungwa 1873 enzi za Sultan Barghash, mwaka uleule aliokufa mzee wa watu. Jina libaki.

— Hahaa aliipiga vita huku kalala nyumba ya Sultan, na mwaka wa pili huko bara kapokewa na kusaidiwa na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, huyo naye hukumtaja. Simlaumu sana, safari za wakati ule bila hao huendi popote, ila msimfanye malaika.

— Nyie mnagombania wakubwa tu. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, je? Wao na wenzao wameikausha maiti yake, wakaibeba toka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, miezi kwa miezi kwa miguu, ndo ikavushwa Unguja. Bila wao Westminster Abbey, lile kanisa la London, ingezika nini? Hata kichochoro hawana.

— Na serikali ilipoinunua 1947 ikawa maabara ya karafuu, mbona hamna anayetaka iitwe Nyumba ya Karafuu, zao lililotusomesha sote humu 😂

— Mie natembeza wageni, nakwambieni ukweli, jina la Livingstone ndo linalowasimamisha. Liache, chini yake andika kajenga Majid, mwaka, na Susi na Chuma wamo. Kopo moja la rangi linatosha.

— Sawa bwana mtembeza wageni, kopo nanunua mie, we katafute kibali cha Mji Mkongwe tuone kama utarudi na jibu kabla rangi haijakauka ndani ya kopo.