Ndege wa madoadoa chini ya mkwaju, nyuma ya magofu ya Gede: ni nani huyu?

Mwana_wa_Gede
Salaam wadau, naomba msaada. Shamba letu limepakana na msitu wa magofu. Nyuma ya jiko kuna kichaka na mkwaju mkubwa, na majani makavu chini yake yanafika kwenye kifundo cha mguu. Mwisho wa Juni nilisikia mchakarisho, nikadhani ni sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu. Kuchungulia, kumbe ndege. Anadaka jani kwa mdomo, analirusha kando, anatazama, anakimbia hatua tatu, kisha anasimama kimya. Mgongo wa kahawia, kifua cheupe chenye madoa meusi kama matone ya wino, miguu ya waridi. Nilipopiga chafya akaruka chinichini, akatua juu ya mzizi na kutulia. Nilikuwa namtazama na bado simwoni, mpaka alipogeuza shingo.

Kaka yangu anasema ni kinda la kurumbiza. Tumewekeana chapati mbili. Picha sina, kamera ya simu imepasuka. Halafu mama anataka kufyeka kichaka kabla ya Agosti kwa kuogopa nyoka. Nimwambieje?

Korosho_Moja
Bawani alikuwa na madoa? Kama ni ya manjano, huyo ni nikatori, yule mpiga kelele wa vichakani.

Mwana_wa_Gede
Meupe. Safu mbili, kama shanga. Na kelele hana hata kidogo.

Darubini_Mbovu
Basi kaka alipe chapati. Huyo ni mkesha madoadoa, *Geokichla guttata*, na wapo watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta hapo hapo Gede na kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, wakaondoka hawajamwona.

Kinda la kurumbiza lina madoa, kweli, lakini ni ya hudhurungi, na mkia wake una rangi ya kutu tangu udogoni. Nikatori hana madoa kifuani na hukaa juu kwenye majani mabichi. Kuna pia ndege mwingine, *Anthus sokokensis*, ambaye naye hutembea chini, ila ni mdogo, mwembamba, mgongo wake una michirizi. Ukimwona tena mtazame usoni: shavu jeupe lenye alama mbili nyeusi, moja chini ya jicho na nyingine sikioni. Hapo hakuna tena ubishi.

Usimfuate. Kaa chini, egemea mti, acha yeye aje. Mimi nimewahi kuongoza wageni wakamkanyagia njia nzima, kumbe alikuwa hatua nne kutoka kwetu, kasimama tu.

Mrondo_wa_Lindi
Ndugu, huyo ni mgeni wenu, kwao ni huku Lindi, kusini mwa Tanzania. Wa aina hiyo huzaliana kwenye msitu wa uwanda wa Rondo wakati wa mvua, halafu kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba wako pwani ya Kenya. Ndiyo maana kwenu hasemi kitu. Kuimba anaimba huku, sauti ya filimbi, asubuhi na jioni. Na msitu wenyewe si ule wa zamani: mivule mikubwa ilikatwa kwa mbao, kwingine ikapandwa misindano. Mkifyeka kwenu na sisi tukafyeka kwetu, atatua wapi?

Bi_Mwanamkasi
Mwanangu, mama ana haki yake, nyoka si mchezo. Mwambie asafishe ukanda wa hatua kumi kutoka jikoni, nyasi zote zitoke, lakini chini ya mkwaju fagio lisipite. Ndege huyo anakula minyoo, konokono na wadudu wa kwenye majani yaliyooza. Ukifagia umemwondolea sahani.

Darubini_Mbovu
Bi Mwanamkasi kasema. Nyongeza: kamwe usimchezee sauti yake kwenye simu ili atoke. Yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Na zima taa ya nje usiku, hawa husafiri gizani na hugonga vioo.

Mwana_wa_Gede
Asanteni sana. Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi amerudi, na alama mbili za shavuni nimeziona. Kaka anadai chapati alizokubali ni za maji. Mama amekubali kuuacha mkwaju, kwa sharti kwamba nyoka akitokea nitamtoa mimi, peke yangu, na ndege wangu aje anisaidie.