Je, kuacha shamba ili padre akuombee baada ya kufa ni kununua mbingu?

Mjukuu wa Songea

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wale wanaoijua historia ya Kanisa. Katika kikao cha familia mwezi uliopita babu yetu, ambaye sasa anakaribia miaka 90, alitueleza kwamba anataka kuiachia parokia ekari mbili za kahawa, ili kila mwaka, siku atakayokuwa amefariki, isomwe misa ya kumwombea yeye na bibi aliyetangulia. Baba mdogo alipinga kwa ukali, akasema kwamba huo ndio uovu uliolipasua Kanisa la Ulaya, pale matajiri walipoajiri mapadre wa kuwaombea milele huku maskini wakiachiwa toharani yao. Babu hakumjibu, alichukua kofia yake akatoka nje.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kuhusu kantaria za Uingereza, yaani mali zilizowekwa ili kumlipa padre awaombee wafu, lakini ninachokipata ni vipande vipande. Naomba kueleweshwa mambo mawili. Je, ilikuwa kweli biashara ya wokovu? Na hilo neno "milele" lilitekelezwaje, ikiwa shamba huchakaa na padre naye hufa?

Mwalimu Mstaafu

Mjukuu wangu, nifikishie shikamoo kwa babu. Baba yako mdogo hajakosea kabisa, ila ameushika mwisho wa habari akaacha mwanzo wake.

Jina kantaria limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuimba, kwa sababu kazi ya padre wa kantaria ilikuwa kuimba misa kwa ajili ya roho ya aliyemwekea riziki. Imani iliyobeba jambo hili ilikuwa ya zamani, na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Lyon wa mwaka 1274 na ule wa Florence wa mwaka 1439 iliitamka rasmi: mwamini aliyekufa akiwa na toba, lakini hajamaliza kulipia dhambi zake, hutakaswa kwanza, na huko ndiko kuitwako toharani, na walio hai wanaweza kumsaidia kwa sala, kwa sadaka kwa maskini, na zaidi ya yote kwa misa. Hapa ndipo wengi hukosea. Aliyeko toharani amekwisha okoka, na hakuna misa iliyodhaniwa kumtoa mtu jehanamu. Kwa hiyo aliyeacha shamba hakuwa akinunua mbingu. Alikuwa akiomba asisahauliwe njiani.

Kwa nini basi aajiriwe padre mzima? Sheria ya Kanisa ilimruhusu padre kuadhimisha misa moja tu kwa siku, isipokuwa siku ya Noeli au penye dharura, na paroko alikuwa na waamini wake wa kuwaadhimishia. Aliyetaka misa ya kila siku ilimbidi ampate padre wake mwenyewe, na padre huyo hula kila siku, huvaa, na huhitaji paa. Ndiyo maana iliwekwa kodi ya mashamba au ya nyumba za kupangisha, kwa kuwa fedha taslimu ingekwisha baada ya miaka michache.

Hata hivyo ardhi haikutolewa kwa kupenda tu. Mwaka 1279 mfalme Edward I alipiga marufuku kuipa Kanisa ardhi bila kibali, kwa sababu Kanisa halifi, halina mrithi mchanga wa kusimamiwa, na ardhi ikiingia mikononi mwake haitoki tena. Bwana wa ardhi alikuwa akipoteza ada alizozoea kupata kila mwenye ardhi alipofariki. Kwa hiyo mwanzilishi wa kantaria ya kudumu alihitaji kibali cha mfalme, na kibali kililipiwa.

Ukifika katika kanisa kuu la Winchester utaiona kantaria, maana kikanisa cha misa hizo nacho kiliitwa hivyo, ya Askofu William wa Wykeham, aliyefariki mwaka 1404. Ni chumba kirefu cha mawe yaliyotobolewa kama kimia, kilichopachikwa kati ya nguzo mbili za ukumbi mkuu, na ndani yake amelala askofu wa sanamu akiwa na mavazi yake yote. Miguuni pake wameketi watawa watatu wadogo, mikono imekunjwa kwa sala. Mimi picha ya hao watatu huniambia mengi kuliko hati zote: mtu aliyekuwa na madaraka makubwa katika nchi anataka, baada ya kufa, watu watatu wadogo wakae miguuni pake wamwombee.

Mwana wa Pwani

Shikamoo Mwalimu. Nimefurahia maelezo yako, ila naona swali la pili la ndugu yetu limebaki, nalo ndilo linalonigusa.

Sisi tuliolelewa Lamu na Mombasa jambo hili tuna jina lake, nalo ni wakfu. Mali ikiwekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi na haitolewi zawadi. Yenyewe hukaa palepale, mapato yake yakaenda pale aliyeiweka alipoelekeza, na wapo walioelekeza sehemu ya mapato hayo kwenye kusomewa Kurani na kuombewa dua baada ya kufa. Wakristo wa Kiswahili wamelichukua neno hili kwa maana ya kutakasa, kama vile kuliweka kanisa wakfu, lakini kwa kantaria ningependa turudi kwenye maana ile ya kisheria, kwa sababu inalingana nayo karibu kabisa.

Na tatizo ni lile lile. Wakfu hufa taratibu: nyumba huchakaa, kodi hubaki ileile miaka hamsini, msimamizi hufa na hati hupotea. Kule London, kufikia mwaka 1391, kantaria nyingi za kanisa kuu la St Paul's zilikuwa na mapato yasiyotosha kumlisha padre mmoja, hata Askofu Robert Braybrooke akaziunganisha kadhaa pamoja. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 nayo ilikuwa imewafagia mapadre wengi, na waliobaki wakapandisha madai yao. Mwaka 1350 Askofu Mkuu Simon Islip alitoa amri akiwalaumu mapadre waliokimbia kazi ya kuhudumia roho za walio hai, wakapendelea misa za wafu zilizokuwa na mshahara mzuri na mzigo mwepesi. Baba mdogo akisikia hilo atapata hoja yake, na tusimnyime.

Kuhusu maskini, sikubaliani naye. Asiyeweza kuweka padre wa kudumu aliweka wa mwaka mmoja. Asiyeweza mwaka aliomba misa 30. Na asiyeweza hata hizo alijiunga na chama. Vyama hivyo vilikuwa mfano wa vyama vyetu vya kufa na kuzikana: kila mwanachama hutoa kidogo, chama humlipa padre, na kila mfu wa chama huombewa. Chama cha Palmers cha Ludlow kilikuwa na mapadre kadhaa kwa njia hiyo. Aidha, palikuwa na orodha ya majina ya marehemu iliyosomwa kanisani mbele ya watu wote, na watu walitoa mchango ili jina la mama au la mume lisiachwe.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Neno wakfu nalichukua kwa shukrani.

Niongeze kwamba kipimo kilizidi kweli. Mfalme Henry VII, aliyefariki mwaka 1509, aliagiza katika wosia wake misa 10,000, kila moja kwa peni sita. Hizo ni pauni 250 kwa misa peke yake, na hiyo ni mbali na kanisa dogo la fahari alilojijengea Westminster. Simwiti mnafiki, naamini aliogopa kwa dhati, kwa maana aliyetawala ana mengi ya kujibu. Ila mtu anapohesabu misa kwa maelfu, ni rahisi kwa anayemtazama kudhani kwamba rehema ya Mungu ina bei.

Mwaka 1547, chini ya mtoto Edward VI, bunge lilizifuta kantaria zote kwa hoja kwamba toharani ni fikra potofu, na mali zake zikaenda kwa mfalme. Zilikuwa zaidi ya 2,000. Mapadre wengi walipewa posho ya uzeeni, lakini nyingi ya ardhi iliuzwa. Watu wa kawaida walipoteza kitu walichokitumia kila siku, kwa sababu padre wa kantaria mara nyingi aliadhimisha misa ya alfajiri kwa vibarua na wasafiri, alimsaidia paroko kwaya na maungamo, na mahali pengi ndiye aliyewafundisha watoto kusoma. Chuo cha All Souls cha Oxford, kilichoanzishwa mwaka 1438 pamoja na mambo mengine kuwaombea waliokufa katika vita vya Ufaransa, kilisalimika kwa kuwa vyuo vikuu havikuguswa, na kipo hadi leo.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu mjukuu, miaka yangu mingi nimekaa na daftari la nia za misa mlangoni mwa kanisa, nikiandika majina ya marehemu ambayo padre huyasoma kabla ya kuanza. Kuna mama mmoja alikuwa akija kila mwezi na sarafu zake zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Alikuwa akisubiri nimalize kuandika, kisha ananiomba nimsomee jina la mwanawe aone kama nimelipata sawasawa. Huyo hakuwa akinunua chochote.

Sasa nizungumzie shamba. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imejifunza kutoka kwa yale mliyoyaeleza. Parokia haiwezi kupokea wakfu wa namna hii kihalali bila ruhusa ya maandishi ya askofu, au ya aliye na mamlaka hayo kwa niaba yake, naye haruhusiwi kuitoa kabla ya kuhakikisha kwamba parokia itaweza kubeba mzigo mpya pamoja na ile iliyokwisha kuipokea (kanuni ya 1304). Parokia inapopewa mali yenye mzigo huo, muda wake ni mrefu lakini una kikomo kinachowekwa na sheria ya jimbo, kwa hiyo msiandike "milele". Kanuni ya 1307 inaagiza orodha ya wajibu huo iwekwe mahali panapoonekana, ili usisahauliwe. Na kanuni ya 947 inakataza hata sura tu ya biashara katika sadaka za misa.

Nendeni kwa paroko mapema, babu akiwa bado na nguvu, na baba mdogo naye awepo asikie. Mwandike shamba lilipo, mipaka yake, na nini kifanyike kahawa ikianguka bei au ikikauka. Na hakikisheni jina la bibi limeandikwa pamoja na la babu, lile la ubatizo na la ukoo, kwa maana padre atakayekuja baadaye hatamjua, naye atasoma kilichoandikwa.