Mjadala: Nanga aliipiga babu, kitabu ni cha mhadhiri. Rekodi ni ya nani?

Mwanzisha mada, Muleba, Kagera

Wadau, salaam. Nina jambo limenikaa rohoni, naomba tulijadili.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga nanga. Kwa wasioijua, nanga ni gogo lililochongwa kama hori refu, likapitishwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi juu yake mara kadhaa. Mpigaji huipakata akaimba habari za watawala, vita na mapenzi hadi usiku wa manane.

Katikati ya miaka ya 1990 alikuja mwalimu wa muziki wa chuo kikuu na wanafunzi wawili. Walikaa siku mbili, babu akaimba mpaka sauti ikakauka, wakajaza kaseti nne. Alipewa sukari, sabuni na shilingi elfu tano, wakaagana vizuri. Sina kinyongo na adabu zao, walikuwa watu wa heshima.

Babu alifariki 2003. Mwaka juzi, maktaba, nikafungua kitabu nikakuta nyimbo zake. Zimeandikwa kwa nota, maneno yametafsiriwa kwa Kiingereza, na chini yake: "mzee mmoja wa Muleba". Basi. Jina la mwandishi lipo, la mchapishaji lipo, hata la aliyechora ramani lipo. Nikaenda kuulizia kaseti. Ofisi ya kwanza ikasema ni mali ya idara, ya pili ikasema ni za mwalimu, na mwalimu alishastaafu. Mama yangu ana miaka 71. Anachotaka ni kuisikia sauti ya baba yake.

Msimamo wangu ni huu. Mwalimu wa chuo cha umma akirekodi kwa mshahara na muda wa umma, rekodi ile si yake peke yake. Kazi ile inampandisha daraja, kutoka mhadhiri hadi mwandamizi hadi profesa. Basi aliyepiga naye ajulikane kwa jina, apate nakala, na kitabu au kaseti ikiuzwa awe na fungu. Anayepinga aje na hoja.

Mchangiaji, mhadhiri mstaafu wa muziki

Dada yangu, pole kwa babu. Napinga, na ninapinga kwa uzoefu.

Unasema "mshahara na muda wa umma". Mimi kaseti nilinunua mwenyewe. Betri nilinunua mwenyewe. Nilisafiri kwenye lori la ndizi na mashine ya kurekodi nimeikumbatia kama mtoto mchanga, na likizo zangu ziliishia huko. Kitabu changu kilichapwa nakala chache, nyingi niliwagawia wanafunzi, sikujenga hata choo kwa pesa yake. Ningengoja chuo kitoe fungu, wale wazee wangezikwa na nyimbo zao.

La pili ni zito zaidi. Mimi nilirekodi nyimbo za mbandwa, yaani za watu wanaopandwa na mizimu, nyimbo za kuagulia, na nyimbo za unyago ambazo mwanamume hatakiwi kuzisikia. Hizo za unyago alizirekodi mwanafunzi wangu wa kike. Walioimba walisema wazi wasitajwe. Ukisema kila rekodi itoke na jina litoke, utawavunjia ahadi watu waliokwisha kufa.

Mchangiaji, Kampala

Mzee, heshima yako, ila tutazame Makerere. Klaus Wachsmann alikuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, akazunguka nchi nzima akirekodi mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950. Kisha akaenda Marekani, akawa profesa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na baadaye Chuo Kikuu cha Northwestern. Rekodi zenyewe zikakaa London, kwenye Maktaba ya Uingereza. Mwanafunzi wa Kampala aliyetaka kusikia muziki wa lubiri, ikulu ya Kabaka mfalme wa Buganda, kabla ya jeshi la Obote kuivamia 1966 alihitaji viza!

Nakala zilirudi Makerere baada ya zaidi ya nusu karne, na aliyepigania hilo ni mwalimu wa muziki wa palepale, Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza. Yeye pia ameandika kitabu, juu ya baakisimba, ngoma ya Waganda, kilichotoka 2005. Kwa hiyo kuandika kitabu hakumzuii mtu kurudisha sauti. Sauti ikirudi, vijana wanaopiga ndingidi, fidla ya uzi mmoja, leo wanasikia mababu zao walivyokaza uzi. Nota haiwezi kukuonyesha hilo.

Mchangiaji, Bomet

Huku kwetu ilitokea. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi Wakipsigis mwaka 1950, ule wimbo wa Chemirocha ukiwamo, yaani mwimbaji Jimmie Rodgers wa santuri za Marekani kwa matamshi ya Kikipsigis. Rekodi zake ziko kwenye hifadhi ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nakala zilirudishwa kijijini baada ya miaka 65, na baadhi ya waliorekodiwa walikutwa hai, wazee kabisa. Miaka 65, ndugu zangu.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi naongeza la lugha na bei. Frank Gunderson, mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Florida State, alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300 na kuzitoa kitabuni mwaka 2010. Maneno ya Kisukuma yamo pamoja na tafsiri yake. Kazi kubwa, namvulia kofia. Lakini mchapishaji ni Brill wa Uholanzi, na kitabu cha namna hiyo mkulima wa Kwimba hakinunui hata akiuza pamba ya msimu mzima. Bei haipangwi na mwandishi, hilo najua. Ndiyo maana nasema anayetafiti adai, kabla ya kutia saini mkataba, ruhusa ya kutoa toleo la bei nafuu kwa walioimba.

Tena kuna vitabu vilivyotumika kweli. Cha George Senoga-Zake juu ya muziki wa asili wa Kenya, cha 1986, nimekikuta kwa walimu wa shule wanaoandaa kwaya za mashindano.

Mchangiaji, Arusha

Sheria fupi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatenganisha haki ya anayetumbuiza na ya anayetayarisha rekodi. Kumiliki kaseti hakukupi kila kitu kilichomo. Kenya wana sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Kinachokosekana ni karatasi: hakuna aliyemsomea babu makubaliano yoyote.

Mchangiaji, Boston

La fungu linawezekana. Jeffrey Summit wa Chuo Kikuu cha Tufts alirekodi muziki wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda karibu na Mbale. Smithsonian Folkways wakaitoa 2003, ikateuliwa kuwania Grammy, na mrabaha umesaidia kusomesha vijana wa jamii hiyo. Hakuna aliyefilisika.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote. Mzee mhadhiri, hoja yako ya mbandwa na unyago imenigeuza. Nilidai kila rekodi na kila jina, nalipunguza hilo. Aliyekataa kutajwa asitajwe, na wimbo wa siri urudi kwa wenye siri, usimwagwe mtandaoni.

Lakini kwenye kaseti na betri sikubaliani nawe. Gharama uliingia, nami nakushukuru, ila babu naye aliingia: siku mbili za msimu wa kupalilia, na miaka arobaini ya kujifunza. Hizo zako zilirudi kwako kama cheo. Na babu yangu hakuomba afichwe. Alikuwa akijitaja ndani ya wimbo wenyewe, kama wapiga nanga wengi wafanyavyo! Mwandishi alilitafsiri jina lake ndani ya mstari, kisha akaandika chini "mzee mmoja".

Kwa hiyo nauliza moja tu. Kaseti zako mwenyewe ziko wapi?

Mchangiaji, mhadhiri mstaafu wa muziki

Ziko chumbani kwangu, kwenye sanduku la bati. Nyingine zimeanza kushikana, nilijaribu mbili mwezi uliopita na moja ilikatika. Daftari la safari ninalo, majina yote yamo, na waliokataa kutajwa niliwatia alama ya msalaba.

Kitabu changu nilikitoa bila majina kwa sababu wote tuliandika hivyo wakati ule. Ule mstari wa babu yako sina la kuujibu.

Nina kijana anayejua kuhamisha kaseti kwenye kompyuta. Nitaanza na zile zisizo na msalaba. Wa Kagera ni kumi na mmoja. Niandikie pembeni jina la babu yako na la kijiji chake.